Wabeba Trei

Abiria walijaza fomu gatini kabla ya kupanda meli. Ilikuwa fupi: katika siku mbili zilizopita umetapika? Umeharisha? Una homa? Siku ya kupokea abiria wapya watu elfu mbili na zaidi walipita pale wakitia alama kwenye "hapana", na katika muda wote niliofanya kazi ile sikusikia hata mmoja aliyetia "ndiyo". Si kwamba walikuwa waongo wa kuzaliwa. Mtu amejinyima miaka, amepanda ndege kutoka Ohio hadi Florida akiwa na wajukuu, halafu asubuhi ya safari tumbo linamsokota. Akisema kweli anabaki gatini na mizigo yake, wajukuu wanalia. Akinyamaza, kesho yuko Bahamas miguu mchangani. Ile karatasi ilimwuliza jambo ambalo jibu lake la kweli lilikuwa na gharama, na mlipaji ni yeye peke yake.

Mimi nilikuwa mtunza vyumba. Nilitoka Mombasa kama walivyotoka vijana wengi wa pwani, cheti cha ubaharia mkononi na deni la ajenti mgongoni, nikapewa korido yangu: vitanda, vyoo, mazulia, na ile kazi ya jioni ya kukunja taulo ziwe tembo au nyani, ambao abiria waliwapiga picha kuliko walivyoipiga bahari. Korona ilikuwa bado haijasikika. Adui tuliyefundishwa kumwogopa alikuwa norovairasi. Jina lake limetoka Norwalk, mji wa huko huko Ohio, ambako wanafunzi wa shule moja waliugua kwa kutapika mwaka 1968. Mwaka 1972 mtafiti Albert Kapikian akakiona kirusi chenyewe kwa darubini ya elektroni.

Kwa mtu mzima mwenye afya si ugonjwa wa kuua. Unampata saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, unamlaza siku moja hadi tatu, anainuka amekonda na ana aibu. Shida ni wingi. Chembe chini ya 100 zinatosha kumwangusha mtu, na mgonjwa mmoja hutoa mabilioni. Halafu kirusi hiki kinang'ang'ania kama harufu ya papa mkavu: umeosha, umefuta, umeshasahau, kumbe bado kipo kwenye kitasa cha mlango. Ile jeli ya mikono iliyowekwa kila mlango wa mkahawa, ambayo abiria waliisugua kwa imani kubwa, haikidhuru sana. Kinachokiondoa mikononi ni sabuni na maji ya kutiririka, na kwenye meza na vyoo ni jiki kali, iachwe dakika kadhaa ifanye kazi kabla ya kufutwa. Jambo hilo la kuiacha ndilo gumu kumfundisha mtu mwenye vyumba vingi na saa chache.

Wagonjwa wakizidi, meli iliingia katika hali nyekundu. Chupa za chumvi na pilipili ziliondolewa mezani. Bufee ikawa si ya kujipakulia. Mhudumu mwenye glavu alikuwekea kijiko kwa kijiko huku foleni ikinung'unika. Vitabu vya maktaba vilifungiwa. Nahodha aliyezoea kushikana mikono na wageni usiku wa karamu alisimama mbali akiinamisha kichwa. Sisi wa vyumba tulipewa mavazi ya plastiki na mifuko myekundu, na vitufe vya lifti vilifutwa mara nyingi hata maandishi yake yakaanza kufifia. Meli nzima ilinuka bwawa la kuogelea.

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imekuwa ikikagua usafi wa meli za watalii tangu miaka ya 1970. Kwa utaratibu wake, wanaoripoti kuugua tumbo wakifika asilimia 3 ya abiria au asilimia 3 ya wafanyakazi, mlipuko huwekwa hadharani. Ni utaratibu mzuri, nami sina ugomvi nao. Lakini hesabu ile ilikuwa ya wanaosema. Wanaonyamaza hawakuwamo, na sehemu kubwa ya wanaonyamaza tulilala nao chini, kwenye vyumba visivyo na dirisha.

Nieleze kidogo huko chini. Kwenye meli nyingi kuna korido moja ndefu inayopita tumboni mwa meli toka mwanzo hadi mwisho, nayo mabaharia huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Humo hupita kila kitu: magunia ya viazi, mizigo ya abiria, nguo chafu, wapishi, wacheza ngoma, mafundi, wote wakisuguana mabega. Pembeni yake kuna mesi, na chini yake vyumba vyetu, vitanda viwili viwili vya kupandana, choo kimoja. Ukitaka kujua ugonjwa unasafiri vipi melini, usiangalie ramani wanayopewa abiria. Ramani hiyo haina I-95.

Mwenzangu wa chumba safari moja alikuwa Mwindonesia, baba wa watoto wawili Surabaya, mtu wa bufee ya asubuhi. Zamu zetu zilipishana, hivyo habari yake niliipata mwishoni, aliponisimulia mwenyewe baada ya kutolewa karantini. Aliugua usiku. Alifungua bomba la maji ili majirani wasimsikie akitapika. Saa kumi alfajiri alivaa sare, akatafuna tangawizi, akapanda juu kupakua mayai. Alifanya hivyo siku nzima, na kesho yake nusu siku, mpaka akazirai karibu na friji.

Wakubwa walimkaripia kwa kuhatarisha meli, na kwa kweli aliihatarisha. Lakini hakuna aliyemwuliza kwa nini, na sababu tuliijua sote. Mshahara wetu wa msingi ulikuwa mdogo. Kilichojenga nyumba na kulipa ada ni bakshishi, na katika kampuni ile aliyefungiwa chumbani hakuwemo kwenye mgawo. Tena msimamizi alikuwa na kumbukumbu. Mtu aliyeugua mara mbili katika mkataba mmoja alianza kusikia kwamba mkataba unaofuata "utaangaliwa". Kwa hiyo ile fomu ya gatini tulikuwa nayo hata sisi, ila yetu haikuandikwa.

Katika dobi alikuwepo Mzanzibari mmoja wa makamo, ambaye sisi watu wa pwani tulimwita Ami. Mifuko yetu myekundu ilimfikia yeye, naye aliipokea bila haraka, akiifungua kwa utaratibu wa mtu anayechambua karafuu. Siku moja nilimwuliza kama haogopi.

"Mwanangu, umewahi kufika kisiwa cha Changuu, kule kwetu Unguja?"

Nikamwambia nimefika, nimewaona kobe.

"Wale kobe waache. Lile jumba umeliona? Mwingereza mmoja, Mathews, alilijenga mwaka 1893 liwe jela. Wafungwa hawakuletwa, wakaletwa wasafiri. Meli ikija ina ugonjwa, watu wanateremshwa pale wakae mpaka ijulikane ni wazima. Haya. Wote wale walikula. Nani aliwapikia?"

"Sijui, Ami."

"Hata mimi sijui. Wala hakuna kibao kinachosema." Akarudi kwenye mashine zake.

Mwanzoni niliyachukulia kuwa maneno ya mzee aliyechoka. Februari 2020 niliyaelewa.

Wakati huo nilikuwa kwenye meli nyingine, Karibi, na runinga ya mesi haikuzimwa. Wafilipino na Wahindi walikaa mbele kabisa kwa sababu walikuwa na ndugu na marafiki kwenye meli iliyokuwa ikionyeshwa. Diamond Princess ilifika Yokohama Februari 3 ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Mzee wa miaka 80 aliyepandia Yokohama Januari 20 na kushukia Hong Kong siku tano baadaye alikuwa amethibitishwa kuwa na korona Februari 1. Februari 5 abiria wakaambiwa wasitoke vyumbani kwa siku 14. Dunia ikawaona barazani mwao, wakipunga mikono, wakitundika mabango. Wale wa vyumba vya ndani walitolewa kwa zamu kupunga upepo kwenye deki. Sikatai kwamba waliteseka. Wazee wengi, dawa zimewaishia, hofu usiku na mchana.

Lakini mesi yetu haikuwa inawaangalia wao. Tulikuwa tunapiga hesabu. Watu elfu mbili mia sita na ushei, mara tatu kwa siku, ni karibu milo elfu nane. Kila trei imepikwa na mtu, imepangwa na mtu, imesukumwa kwenye korido na mtu, amegonga mlango, umefunguliwa, amekutana uso kwa uso na mwenye chumba, akaenda mlango wa pili. Jioni mtu huyo anateremka mesi kula na wenzake, kisha analala juu au chini ya mwenzake katika chumba kisicho na dirisha. "Na wao karantini yao iko wapi?" aliuliza mpishi mmoja wa Goa kwa sauti, na mesi nzima ikanyamaza.

Jibu lilikuja kuchapishwa mwezi uliofuata, katika uchunguzi uliofanywa na maofisa wa afya. Kati ya wafanyakazi 20 wa kwanza waliothibitika kuambukizwa, 15 walikuwa wa huduma ya chakula, na 16 walikuwa na vyumba deki ya tatu, deki ya watu hao hao wa chakula. Niliposoma takwimu hizo sikuhitaji kuelezwa. Niliona I-95 yao. Maambukizi mengi ya abiria yalikuwa yameshatokea kabla ya milango kufungwa, katika siku za dansi na bufee. Milango ilipofungwa, ugonjwa ulibakiwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni ya wale waliokatazwa kupumzika.

Februari 18 profesa Iwata Kentaro wa Chuo Kikuu cha Kobe, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, aliingia melini, na usiku ule akaweka video akisema kwamba mpaka kati ya sehemu safi na sehemu yenye maambukizi haukueleweka, na kwamba aliogopa kuliko alivyoogopa Afrika wakati wa Ebola. (Sisi Waafrika wa mesi tulitazamana kidogo, kisha tukakubali kwamba alikuwa anatusifu.) Serikali ya Japani ilimpinga. Naibu waziri wa afya akaweka mtandaoni picha ya milango miwili iliyokaribiana, mmoja umeandikwa njia safi, wa pili njia chafu, akidhani amemjibu. Watu wakaicheka picha hiyo mpaka ikaondolewa. Mwishowe walioambukizwa walifika 712, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Hao ndio waliotutisha zaidi. Mwindonesia wangu angalau alijua kwamba anaugua.

Nahodha Gennaro Arma, Mwitaliano, alishuka wa mwisho Machi 1 akikokota sanduku lake, na nchi yake ikamtunuku. Alistahili. Nahodha anayebaki mpaka wa mwisho ni jambo la kheri, hasa Italia, baada ya nahodha wa Costa Concordia kuikimbia meli yake ikizama. Wafilipino zaidi ya mia nne walirudishwa kwao na kupelekwa moja kwa moja kwenye karantini nyingine. Watu wengi wa mesi yetu walipiga makofi picha za ndege zile zilipoonyeshwa. Tulidhani habari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Machi 14 CDC ilizuia meli za watalii kusafiri na abiria. Siku chache baadaye, Machi 19, Ruby Princess iliteremsha abiria 2,700 hivi Sydney wakatawanyika na virusi vyao, na vifo 28 vikahusishwa na meli hiyo. Bandari zikafunga milango. Abiria wetu sisi walishuka Florida wakituaga kwa machozi na bakshishi nono za mwisho, wakarudi kwao. Sisi tulibaki. Meli ikatoka nje, ikatia nanga karibu na Bahamas pamoja na meli nyingine nyingi tupu zilizowashwa taa usiku kama miji.

Kisha likatokea jambo la kuchekesha, kwa namna yake. Ili tusibanane, tulihamishwa kutoka chini tukapewa vyumba vya abiria. Nilipewa chumba chenye baraza katika korido niliyokuwa nikiifagia. Mlango ukagongwa, nilipofungua, trei ilikuwa sakafuni na mgongo wa mtu ulikuwa unakata kona. Wali, kuku, tufaha, kila siku. Ilinichukua muda kupata adabu ya kufungua mlango haraka ili nimwahi mleta trei. Alikuwa kijana wa jikoni, Mfilipino. Wapishi na wabeba trei hawakupewa mapumziko. Walihama vyumba kama sisi, lakini kazi yao ilibaki ile ile, na sasa bila hata senti ya bakshishi, maana mabaharia hawatoi bakshishi kwa mabaharia. Nilimpa dola kumi. Alikataa, akaziweka nyuma ya mlango pamoja na trei tupu.

Kurudi nyumbani kulikuwa fumbo. Kenya ilifunga ndege za abiria za kimataifa Machi 25. Marekani ilitaka wakubwa wa kampuni watie saini kwamba baharia akishuka hatapanda ndege ya kawaida ya abiria, na si kila mkubwa alikuwa tayari kujifunga hivyo. Mikataba yetu iliisha tukiwa melini. Ilipoisha, mshahara nao uliisha, chakula kikaendelea. Mwezi wa Mei zilitufikia habari za mabaharia waliojitoa uhai kwenye meli kadhaa. Meneja wetu wa burudani alianzisha darasa la mazoezi kwenye deki, mita mbili kati ya mtu na mtu, na yule aliyekuwa hodari kuliko wote ni mzee wa mashine kutoka Bulgaria ambaye hatukuwahi kumwona akicheka. Kufikia mwisho wa mwaka ule Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria mabaharia 400,000, wa meli za mizigo pamoja na za abiria, walikuwa wamekwama kazini baada ya mikataba yao kuisha.

Mama yuko Mji wa Kale, Mombasa. Mei 6 serikali iliufunga mji ule, hakuna kuingia wala kutoka. Nilimpigia jioni ile.

"Haya, mwanangu," alisema, "wewe umefungwa baharini, mimi nimefungwa nchi kavu. Tumekuwa sawa."

"Mnakula nini, Mama?"

"Tunakula. Yule mtoto wa Bi Fatuma wa ng'ambo anatuletea samaki mpaka pale kwenye kizuizi cha polisi, anaweka chini, anarudi nyuma, ndipo tunakwenda kuchukua."

"Anavaa barakoa?"

"Sasa nitamwuliza mtoto wa watu maswali ya daktari? Kaleta samaki."

Nilifika nyumbani baada ya Kenya kufungua anga Agosti 1, kwa kuzungukia Ulaya. Sikurudi melini. Wengi wa wenzangu walirudi meli zilipoanza tena, nami siwalaumu. Ami aliniandikia kutoka Unguja kwamba amestaafu na kwamba hafui hata shati lake mwenyewe.

Sasa nafundisha vijana wanaotafuta kazi za melini. Nawafundisha kukunja tembo, maana bila tembo hawaajiriwi. Nawafundisha jiki na dakika zake. Na mwisho wa kozi nawafundisha kusoma mkataba, somo ambalo halimo kwenye mtaala na ambalo nimeliingiza kwa ukaidi wangu. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema baharia anayeugua akiwa kazini alipwe mshahara wake kamili muda wote yuko melini, au mpaka arudishwe kwao. Akirudishwa bado mgonjwa, mwenye meli anaendelea kumlipa, yote au sehemu, na sheria ya nchi ikimwekea kikomo, kikomo hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya wiki 16. Kwa hiyo Mwindonesia wangu alikuwa na haki ambayo hakuijua wakati anafungua lile bomba.

Mwaka huu nilipolieleza hilo, binti mmoja kutoka Kwale aliinua mkono.

"Mwalimu, wanasema mshahara kamili. Bakshishi ni mshahara?"

Nikamwambia inategemea mkataba umeandikwaje. Katika ule wangu, haikuwa.

"Na katika pesa ulizokuwa ukileta nyumbani, mshahara wenyewe ulikuwa kiasi gani?"

"Chini ya nusu."

Aliandika. Akauliza tena kama kuna kampuni zinazoandika kima cha uhakika kwa mwezi, bakshishi ije isije, uwe kazini au uwe umefungiwa chumbani. Nikamwambia zipo, hasa zile zenye makubaliano ya pamoja na vyama vya mabaharia, na kwamba kipengele hicho huwa hakiko ukurasa wa kwanza. Nilikuwa na nakala za mikataba mitatu mezani, majina ya kampuni yamefutwa. Tukagawana, kila meza mmoja, tukaanza kukitafuta.